UFUGAJI NYUMBANI: Baji hatagi bila chumba

TANGU nilipogusia habari za baji katika ukurasa huu, barua zilizonifikia zimekuwa na swali moja lililovalishwa nguo mbalimbali. Mama mmoja wa Buruburu anasema dume na jike wake wamekaa pamoja mwaka mzima, wanalishana mdomo kwa mdomo kutwa, lakini yai hajaliona. Mwanafunzi wa Nakuru yeye ameyaona mayai, tena manne, ila yalitagwa sakafuni mwa kizimba na yote yakapasuka chini ya miguu ya wazazi. Wa tatu ni baba mmoja wa Mombasa. Ndege wake waliangua makinda watatu wakanenepa vizuri, lakini walipofikia umri wa kutoka nje, miguu yao ilikuwa imetanuka huku na huku, na hakuna hata mmoja aliyeweza kusimama juu ya kijiti. Watoto wake walilia siku nzima, na amenisihi nimweleze ni ugonjwa gani ule.

Si ugonjwa. Wote watatu shida yao ni ya useremala, na ndiyo maana leo nataka uchukue kalamu, karatasi na futi kamba.

Kwa wale wanaojiunga nasi leo, baji ni yule kasuku mdogo wa rangi ya kijani, buluu, manjano au nyeupe, mwenye urefu wa sentimita 18 hivi, anayeuzwa sana mijini. Asili yake ni Australia. Mtaalamu wa ndege John Gould ndiye aliyewafikisha Uingereza wakiwa hai mwaka wa 1840, na tangu hapo wameenea duniani kote. Wale wa porini ni wa kijani na manjano tu. Rangi nyingine zote zimetokana na kufugwa. Huko kwao huishi makundi kwa makundi na kufuata mvua. Nyasi zikizaa mbegu, huingia katika mashimo ya miti, hasa mikaratusi, wakataga humo. Baji hafumi kiota kama mnana. Hatafuti nyasi wala manyoya. Jike hutaga juu ya mti mtupu, ndani ya giza, na kuliona shimo lenyewe ndiko kunakoamsha mwili wake ujiandae kutaga. Kizimba kisicho na shimo ni kama nyumba isiyo na chumba cha kulala: wenyewe watapendana sebuleni hadi wazeeke.

Lakini kabla hujampigia seremala simu, hakikisha kwamba kweli una dume na jike. Tazama kile kinyama laini kilicho juu ya mdomo, penye matundu ya pua. Dume aliyekomaa huwa nacho cha buluu. Cha jike ni cha hudhurungi, au cheupe chenye dalili ya buluu hafifu, na akiwa tayari kutaga hugeuka hudhurungi iliyoiva na kukwaruza. Ndege weupe na wa manjano wana kanuni zao, maana madume wengi wa rangi hizo hubaki na kinyama cha zambarau au waridi maisha yao yote. Mama wa Buruburu akitazama vizuri asishangae kukuta ana madume wawili, kwa sababu madume nao hulishana. Umri pia una maana: usiwape sanduku kabla hawajatimiza miezi 10, na afadhali ungoje mwaka mmoja. Jike mchanga akianza mapema hukwama na yai, na wengi hufa hivyo.

Sasa tuje kwenye kizimba. Vile vizimba vya duara vyenye kuba kama msikiti, vinavyoning'inizwa madukani, vinapendeza macho ya mnunuzi na kumtesa ndege. Baji haruki kwenda juu kama helikopta. Huruka kwa mapana. Anachohitaji ni urefu wa kutoka ukuta huu hadi ule. Kwa jozi moja inayozaa, kizimba kisipungue sentimita 60 kwa urefu, 40 kwa kina na 40 kwa kimo. Mimi napendelea 75 kwa 40 kwa 45, kwa sababu ukishapata makinda watano wanaojifunza kuruka, hizo sentimita 15 utazishukuru.

Kizimba cha kuzalishia kiwe sanduku lenye uwazi upande wa mbele tu. Mgongo, pande mbili, juu na chini viwe vya mbao. Ndege akizungukwa na waya pande zote hana pa kuupa mgongo wake, hushtuka kila mtoto anapopita, na jike aliyeshtuka huyaacha mayai. Nunua plaiwudi ya milimita 9. Bao moja zima la futi nane kwa nne litakutosha kwa kizimba na masanduku yake, na bado ubaki na kipande cha kutengenezea rafu ya vitabu. Kata sakafu na dari, kila kimoja sentimita 75 kwa 40. Pande mbili ziwe 40 kwa 45, zisimame kati ya sakafu na dari. Mgongo uwe 75 kwa 47. Tumia gundi ya mbao pamoja na skurubu badala ya misumari, maana ipo siku utataka kukifungua na kukiosha.

Ukiwa katika yadi ya mbao, uliza kama mbao zimepakwa dawa ya mchwa au oili chafu. Muuzaji atakuambia kwa fahari kwamba zimepakwa, na hapo wewe uendelee na safari yako. Baji hutafuna kila kitu. Zile mbao za unga ulioshindiliwa kwa gundi pia ziache. Zikipata maji huvimba kama mandazi, na gundi yake si ya kutafunwa. Ukitaka rangi, paka nje tu, rangi ya maji isiyo na risasi, kisha kiache kizimba kikae kitupu hadi harufu iishe kabisa.

Upande wa mbele weka wavu wa nusu inchi. Ule wavu wa kuku wenye matundu makubwa ya pembe sita haufai, kwani kinda hupenyeza kichwa akashindwa kukirudisha. Wavu wa kuanikia kahawa, unaopatikana katika maduka mengi ya vifaa vya ujenzi, unafaa. Wavu mpya unaong'aa umepakwa zinki, na zinki ikilambwa humuua ndege. Kwa hivyo kabla ya kuufunga, usugue kwa brashi na siki pande zote mbili, usuuze kwa maji mengi, kisha uuache nje upigwe na jua na mvua kwa wiki kadhaa. Najua mwanafunzi aliye likizoni hataki kusikia habari za kungoja, lakini sijui njia ya mkato hapa.

Mlango wa mbele uwe wa sentimita 12 kwa 12, mkono upite ukiwa umeshika chombo cha maji. Baji ni mwerevu na hujifunza upesi kuinua mlango wa kusukuma kwenda juu. Kibanio cha kuanikia nguo kitamaliza ujanja wake. Chini weka sinia la bati linalochomoka kama mtoto wa meza. Mafundi wa Kamukunji watakukunjia kwa vipimo vyako ukingoja, mradi uwaambie waikunje ile kingo kali. Juu ya sinia tandika gazeti. Hili unalosoma linafaa sana, ukishalimaliza.

Kuhusu vijiti vya kusimamia nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo mayai mengi huharibika kabla hayajatagwa. Watu hunung'unika kwamba mayai ni "maji", yaani hayana mbegu, wakamlaumu dume. Mara nyingi mwenye kosa ni kijiti. Ndege hupandana juu ya kijiti, na kijiti kikizunguka au kikiyumba, dume huteleza kazi ikabaki nusu. Funga kila kijiti kwa skurubu inayotoka nje ya ukuta wa kizimba, uking'oe kwa mkono kionekane kweli hakitikisiki. Tumia tawi la mpera au mkaratusi, lenye unene wa milimita 10 hadi 15, nene huku na jembamba kule, ili miguu ipate mazoezi. Viwe viwili, kila kimoja mbali na ukuta sentimita 15 hivi ili mkia usisuguke, na kisiwepo kimoja juu ya chombo cha maji, kwa sababu unayoweza kuyafikiria.

Sasa sanduku lenyewe la kutagia. Nenda kwa muuza mbao umwambie akukatie vipande viwili vya sita kwa mbili, kila kimoja sentimita 24. Upana wa ubao huo ni kama sentimita 15, unene wake kama 5. Hiyo ndiyo sakafu ya sanduku. Kwenye kila kipande, upande mmoja kabisa wa mwisho, chora duara lenye upana wa sentimita 12, kisha lichimbe kwa patasi hadi upate bakuli lenye kina cha sentimita 2 katikati, likipanda taratibu kuelekea ukingoni. Lisugue kwa msasa hadi kiganja kiteleze.

Bakuli hilo, baba wa Mombasa, ndilo lililokosekana kwako. Kinda wa baji huzaliwa uchi na kipofu, na macho yake hufunguka akiwa na siku 10 hivi. Mama yake humlalia kwa uzito wake wote. Sakafu ikiwa tambarare na yenye kuteleza, miguu haina pa kujizuia, inakwenda pembeni, na mifupa inakua hivyo hivyo. Kwenye bakuli makinda hujikusanya katikati, miguu ikabaki chini ya mwili. Mayai nayo hayabingiriki kwenda pembeni kupoa. Kinda aliyeanza kutanuka akigunduliwa katika wiki mbili za kwanza, daktari wa mifugo anaweza kumfunga miguu kwa uzi laini au plasta ikanyooka; mifupa ikishakomaa hakuna la kufanya. Ndiyo maana nakuambia uchungulie sanduku kila siku.

Kuta za sanduku zikate katika plaiwudi ile ile. Pande mbili ndefu ziwe sentimita 26 kwa 20, na mbili fupi 15.5 kwa 20, zikae kati ya zile ndefu. Kitako kiwe 26 kwa 17.3. Kifuniko kizidi kidogo pande zote, ukifunge kwa bawaba mbili ndogo ili kifunguke juu. Ule ubao wa bakuli usiupigilie. Uingize tu kama droo. Vipande ni viwili kwa sababu kimoja kikichafuka unakitoa, unaingiza kingine, na cha kwanza kinaoshwa kwa maji yanayochemka na kuanikwa juani.

Tundu la kuingilia litobolewe kwenye upande mrefu, mwisho ule usio na bakuli. Likiwa juu ya bakuli, jike atarukia mayai yake mwenyewe kila anapoingia. Liwe na upana wa sentimita 4.5, na katikati yake pawe sentimita 15 kutoka chini. Nje, chini ya tundu, weka kijiti kifupi cha kutulia. Ndani, pigilia vipande viwili vyembamba vya mbao kama ngazi. Toboa matundu madogo manne karibu na kifuniko, hewa ipite. Kisha toboa tundu la upana ule ule kwenye upande wa kizimba, juu, na ulitundike sanduku kwa nje kwa kulabu, matundu yakitazamana. Likiwa nje halili nafasi ya kurukia, na utaweza kulifungua bila kuingiza mkono kwa wenyewe.

Ndani usipake chochote. Tandaza maranda safi ya mbao isiyotiwa dawa, yaingie kiasi cha sentimita moja au mbili. Jike mwingine huyatupa yote nje siku hiyo hiyo. Usishindane naye.

Wapo wanaouliza kama chungu kidogo cha udongo hakiwezi kufanya kazi hiyo. Kinaweza, na kitako chake tayari ni bakuli. Lakini hakifunguki, hukioni ndani, na kinda aliyekufa humo utamjua kwa harufu. Maskani ya utitiri mwekundu pia huwezi kuyafikia. Wadudu hawa hujificha mchana katika nyufa, usiku hutoka kunyonya damu, na makinda wachanga huweza kufa kwa kuishiwa damu. Ziba nyufa zote za sanduku kwa gundi tangu mwanzo. Ukitaka kujua kama wapo, funika kizimba kwa kitambaa cheupe usiku na ukikague alfajiri.

Wanaofuga jozi kadhaa pamoja katika banda moja waweke masanduku mara mbili ya idadi ya majike, yote kwa kimo kimoja. Moja likiwa juu ya mengine, kila jike atalitaka hilo, na majike wa baji hupigana hadi kuua. Kwa sababu hiyo hiyo asiwepo jike asiye na mume katika banda la uzazi.

Mahali pa kuweka kizimba pawe kimo cha kifua cha mtu mzima, penye mwanga wa asubuhi, pasipo upepo wa moja kwa moja. Jikoni hapana, hata kama nyumba ni ya chumba kimoja na pazia. Moshi wa makaa na wa stovu huwadhuru, na kile kikaango kisichoshika chakula kikipata moto kupita kiasi hutoa hewa inayoua ndege kwa dakika chache, hali wewe hata hujakohoa. Miguu ya meza ya kizimba isimame katika mikebe yenye maji na mafuta kidogo, kuzuia siafu. Hao wakifika usiku hawabakishi kinda.

Sisi wa karibu na ikweta mchana wetu haubadiliki sana, kwa hivyo msimu unaupanga wewe. Walio Nairobi, Nyeri au Eldoret waepuke baridi ya Juni hadi Agosti, maana baridi nayo huchangia jike kukwama na yai. Ukimkuta ametutumka chini ya kizimba, anasukuma mkia na yai halitoki, mweke mara moja katika sanduku dogo lenye joto la digrii 30 hivi, balbu ikiwa karibu, na umpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Kinga yake ni madini ya chokaa: mfupa wa ngisi, ule mweupe unaookotwa ufuoni pwani, uwe kizimbani siku zote. Chakula kiwe mchanganyiko wa uwele, mtama mdogo na mbegu nyingine ndogo, pamoja na sukuma wiki, mchicha au karoti iliyooshwa vizuri. Parachichi usiwape kamwe. Kwao ni sumu.

Waache wazoeane wiki moja au mbili, ndipo ulitundike sanduku. Jike hutaga yai moja kila baada ya siku moja, kwa kawaida manne hadi sita, na kila yai huatamiwa siku 18. Kwa kuwa huanza kuatamia mapema, makinda huanguliwa kwa zamu, hivyo mkubwa anaweza kumzidi kitinda mimba kwa siku 10. Andika tarehe za mayai katika daftari. Kila siku, jike akitoka kula, gonga polepole kisha fungua uhesabu. Wakifika wiki tano hutoka, baba yao akaendelea kuwalisha siku chache. Wahamishe mara tu wanapojimenyea mbegu wenyewe, kwa kuwa mama anayetaka kutaga tena anaweza kuwashambulia. Baada ya mizao miwili ondoa sanduku, jike apumzike miezi sita.

Unaposafisha, nyunyiza maji kwanza vumbi lisiruke, na ujifunge kitambaa puani. Ndege wa jamii ya kasuku huweza kubeba homa inayowashika binadamu mapafuni. Ukikohoa na kupata homa isiyoisha, mwambie daktari kwamba unafuga ndege. Asipoambiwa hawezi kulifikiria hilo.

Jozi moja ikizaa mara mbili unaweza kuwa na baji 10 wa ziada, na kila mmoja huweza kuishi miaka mitano hadi 10. Tafuta wa kuwachukua kabla hujatundika sanduku, wala usiseme utawafungulia waende zao. Wengi watakufa kwa njaa au kuliwa na kunguru. Wanaoweza kustahimili nao huleta matata mengine: pale Naivasha kuna kasuku wadogo wenye asili ya Tanzania waliotoroka vizimbani, wakachanganyika aina mbili, na sasa wanakalia mashimo ya miti ambayo ndege wenyeji wangeyatumia. Na usijazie kizimba chako kwa kunasa ndege wa porini. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka wa 2013 hairuhusu kuwanasa bila kibali, na kasuku wa kijivu wa msitu wa Kakamega ni miongoni mwa wanaolindwa vikali zaidi.

Mwanafunzi wa Nakuru aliuliza pia kama jike aliyezoea kutaga sakafuni atakubali sanduku. Atakubali. Liweke, ondoa mayai ya chini, mpe siku 10. Akichungulia tundu kisha akarudi nyuma, chukua maranda kidogo umwagie kwenye kile kijiti cha nje. Akianza kuyatupa, ujue amekwisha kuihesabu nyumba ile kuwa yake.